Mtani wa jadi ndo anayekuja kukuzika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua hapa mara nyingi ni Simba na Yanga, usajili, nani kaondoka nani kabaki, na sina ubaya na hilo maana hata nyumbani kwetu tumegawanyika nusu kwa nusu, lakini leo naomba niongelee mpira wa magongo, hoki, na sisi mashabiki wake huku Dodoma, tulio wachache halafu hatupendani. Kuna kitu kimetokea wiki tatu zilizopita kinaniuma mpaka leo, nimeshindwa kukaa nacho kimya.

Mi ni fundi cherehani, nipo Chang'ombe hapa. Sekondari nilisoma bweni, kulikuwa na mwalimu anaipenda hoki kuliko chakula, ndo aliyenitia golini nikiwa kidato cha pili na tangu siku ile huu mchezo haujanitoka. Siku hizi sichezi, miguu imekataa, ila nipo na vijana. Tuna timu ya upande wetu wa reli na wenzetu wana timu ya ng'ambo ya reli, tunakutana kwenye uwanja wa shule, changarawe tupu, na kama unaujua upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane basi unaelewa, vumbi likiinuka hata refa haoni mpira uko wapi.

Vifaa ndo shida. Stiki ya dukani bei haishikiki, kwa hiyo tunachongewa na seremala mmoja wa huku mtaani, na stiki ya kwanza aliyotutengenezea ilikuwa bapa pande zote mbili, nzuri kwa macho, kaipiga msasa mpaka inang'aa, ikabidi nimwelezee kwamba hapana fundi, stiki ya hoki upande wa kushoto ni bapa na upande wa kulia ni wa mviringo, na ukipiga mpira kwa ule mviringo ni faulo. Akakaa anaigeuzageuza mkononi muda mrefu halafu akaniuliza, "Sasa anayetumia mkono wa kushoto anacheza na nini?" Nikamwambia anacheza na hii hii, kanuni za hoki haziruhusu stiki ya mashoto. Akasikitika kweli, kumbe mwanae ni shoto.

Pedi za golikipa nashona mwenyewe. Sponji la godoro kuukuu nalikunja mara mbili, katikati naweka vipande vya ndala zilizokatika, juu turubai, nyuma mikanda ya begi la shule, maana ule mpira ni mgumu kama jiwe, gramu 156 mpaka 163, ukikupata kwenye ugoko bila pedi usiku hulali. Kichwani kipa wetu anavaa helmeti ya bodaboda. Kipa wenyewe ni binti wa kidato cha tatu, mkimya, hana makuu, lakini akisimama golini unaona mtu mwingine.

Sasa mashabiki. Tuna kijiwe chetu cha kahawa karibu na soko la Majengo na pale hoki inabishaniwa kuliko bungeni. Kuna kambi ya India na kambi ya Pakistani, wengi wao hawajawahi kufika hata Nairobi lakini ukigusa timu yake anasimama. Wa India wanakuhesabia dhahabu za Olimpiki kuanzia 1928 mpaka 1956, sita mfululizo, na wa Pakistani wanasubiri ufike hapo halafu wanakuuliza, Rome 1960 nani alimfunga nani? Moja bila, Pakistani. Basi hapo kahawa inapoa. Mi napenda sana mabishano ya namna hii na nasema wazi, anayetaka mchezo usio na upinzani akaangalie gwaride. Upinzani ndo unaotuamsha asubuhi. Bila wa Pakistani wale wa India wangekuwa wanakumbuka nini?

Kuna mzee mmoja pale kijiweni, mstaafu, yeye kila mabishano yakizidi anatukumbusha Moscow 1980. Wadogo wengi hawajui kwamba Tanzania imecheza hoki Olimpiki. Tumecheza. Nchi nyingi ziligoma kwenda kwa sababu ya Wasovieti kuingia Afghanistan, nafasi zikabaki wazi, sisi tukaenda, timu zilikuwa sita na sisi tukawa wa sita, hatukushinda hata mechi moja, na India walitufunga 18 bila. Kumi na nane. Mwaka ule ule Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walileta fedha kwenye riadha, ndo medali pekee za Olimpiki tulizonazo mpaka leo, kwa hiyo habari za riadha tunazikumbuka na za hoki tumezifukia. Na mwaka ule ule tena wasichana wa Zimbabwe, nchi ina miezi michache tangu ipate uhuru, timu imeitwa dakika za mwisho kuziba nafasi za waliogoma, wakachukua dhahabu ya hoki ya wanawake. Mzee huwa anasema wale vijana wetu waliopigwa 18 walimaliza mechi, hawakutoka uwanjani. Mi hilo neno lake nalishika sana.

Maana kuna waliokuwa wakubwa kuliko sisi na wakashindwa kumaliza vizuri. Fainali ya Munich 1972 Ujerumani Magharibi waliwafunga Pakistani moja bila, Pakistani wakaona marefa wamewaonea, ikawa fujo, wakati wa kupewa medali wengine wakageuza mgongo, mwisho wachezaji 11 wakafungiwa maisha wasikanyage Olimpiki, ingawa baadaye adhabu iliondolewa. Mimi kambi yangu ni Pakistani, Mhariri, na nawapenda, na bado nasema siku ile walikosea. Na karibuni tu, fainali ya wanaume Paris 2024, Uholanzi na Ujerumani, moja moja mpaka mwisho, wakaenda kwenye mikwaju, ile ya hoki ambayo mchezaji anaanzia mbali na ana sekunde 8 tu kumpita kipa. Mholanzi Duco Telgenkamp akafunga bao la ushindi, na badala ya kukimbilia kwa wenzake akamgeukia kipa wa Wajerumani na kidole mdomoni, kaa kimya. Wajerumani wakapandwa, wakaanza kusukumana, dhahabu imeshapatikana tayari. Pale kijiweni tulibishana wiki nzima. Vijana wanasema ni utani wa mchezo, kipa naye alikuwa anaongea sana. Mi kama kipa wa zamani nawaambia hivi, umeshamfunga, ameshapiga magoti, ameshapoteza kitu alichokitafuta tangu utotoni, sasa kidole cha nini?

Halafu mashindano yale yale kuna kitu kizuri ambacho hakibishaniwi vya kutosha. India dhidi ya Uingereza robo fainali, beki wa India Amit Rohidas kapewa kadi nyekundu dakika ya 17, wenzake wamebaki 10 zaidi ya dakika 40, hakuna aliyeondoka, wakashikilia moja moja, wakashinda kwa mikwaju 4 kwa 2. Mimi wa kambi ya Pakistani nilisimama nikapiga makofi. Mtu wa kijiweni akaniambia we umehama. Sijahama.

Nimezunguka sana, nirudi kwetu.

Mechi ya mwisho kabla ya mvua, sisi na wa ng'ambo ya reli, tulikuwa tunaongoza moja. Robo ya nne kijana wao mmoja, si mchezaji, shabiki, akasimama nyuma ya goli letu akaanza kumtukana kipa. Alianza na helmeti, sawa, helmeti ya bodaboda inachekesha, hata sisi tunacheka. Akaja kwenye pedi, kwamba amevaa godoro la kukojolea, nikakaza moyo maana pedi ni kazi ya mikono yangu. Kisha akahamia kwa mama yake. Sitaandika alichosema. Mama yake yule binti anauza nyanya Majengo na siku hiyo alikuwa amefunga meza mapema aje amwone mwanae, amesimama pale pale, kanga yake ameishika mdomoni. Binti aligeuka kumwangalia mama, mara moja tu, na mpira ukaingia. Wao wakashangilia kama wametwaa kombe. Na wetu, nisiwafiche, wetu wakajibu kwa matusi makubwa zaidi, wakarusha na chupa za maji, ikaisha moja moja, watu hawakupeana mikono, kila mtu akaondoka kwa upande wake wa reli. Yule binti alikaa kwenye changarawe anafungua mikanda ya pedi moja moja, hasemi kitu.

Ndipo mvua zikaanza, magongo yakawekwa juu ya kabati, na wiki tatu zilizopita tukapata habari kwamba kocha wa ng'ambo amefiwa na mama yake mzazi. Nikaenda kijiweni nikasema jamani tuchange, twende. Mmoja akaniambia, "Wale? Tukawazike wale? Hao si watani zetu wa jadi?" Watu wakacheka.

Mhariri, hapo ndo nilipoumia. Kwa sababu hilo neno tumelichukua tukalivua nguo zake zote tukabaki na matusi. Watani wa jadi, watani wa jadi, kila redio, kila gazeti, Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 watani wa jadi, na sasa hata sisi wa hoki ya changarawe watani wa jadi, lakini nani anakumbuka mtani ni nani? Mi ni Mgogo wa Mpwapwa. Babu yangu alipofariki nilikuwa mdogo, darasa la tatu, watu wanalia, bibi hajala siku mbili, kaburi limechimbwa, jeneza limeletwa, mara mtani wa babu, mzee mzima mwenye mvi, akaruka ndani ya kaburi akalala chali akafumba macho, akasema humu ni kwangu, huyu aliniahidi jogoo tangu tukiwa vijana hajanilipa, hazikwi mtu mpaka jogoo aje. Watu wakabembeleza, akakataa. Akaletwa jogoo, akampapasa akasema huyu mwembamba kama marehemu. Bibi alicheka. Machozi yanamtoka na anacheka, na jioni ile ndo alikula ugali. Na yule yule mtani ndo aliyekuwa wa kwanza kushika jembe usiku wa kuchimba, hakulala, na kabla ya hapo miaka yote alikuwa akikutana na babu njiani anamtukana mpaka sisi wajukuu tunaogopa. Alikuwa na haki ya kumtukana kwa sababu alikuwa na wajibu wa kumzika. Sasa we unataka haki bila wajibu? Unamtukana mama wa mtu uwanjani na msibani hutaki kwenda, huo utani umeutoa wapi?

Tulienda wanne. Mimi, yule mzee wa Moscow, dogo mmoja wa bodaboda, na mama yake kipa. Sikumwita yule mama, alisikia mwenyewe sokoni akafunga meza akaja na dumu la mafuta ya alizeti kichwani. Nahodha wetu hakuja. Tulipofika watu wa ng'ambo walinyamaza wote, unajua ule ukimya wa turubai la msiba wakikuangalia umekuja kufanya nini. Halafu akatoka kijana mmoja kule jikoni kwa wanaume wanaopasua kuni, akaja kutupokea, nikamtambua. Ni yeye. Akainama, akasema, "Shikamoo mama," hakuinua uso. Mama yake kipa akamwangalia, nikasema moyoni leo kutatokea kitu. Akamjibu, "Marahaba. Pokea hilo dumu, zito." Akalipokea kwa mikono miwili akaondoka nalo haraka haraka kwenda jikoni, na jioni tulipokuwa tunaondoka ndo yeye aliyetutafutia usafiri, na nauli akalipa.

Hakuna aliyeomba msamaha kwa maneno. Mi sidhani kama ulihitajika.

Sasa nije kwenye jambo la pili, na ndo hasa lililonifanya nishike kalamu, hiki kipindi cha mvua ambacho hatuna mechi. Naamini ugomvi wetu mwingi unapikwa kipindi hiki. Msimu ukiwepo mtu ana hasira lakini Jumamosi atakutana na mwenzake uwanjani, hasira inapata pa kwenda, lakini msimu ukiisha, kuanzia Desemba mpaka Aprili, watu wanakaa na kinyongo kile kile kila siku, kinakuzwa kwa maneno, na mwezi wa sita tukirudi uwanjani kimeshakuwa mti. Nilileta hoja kijiweni kwamba tuwe na vitu vya kufanya pamoja nao. Mmoja akasema hobi ni mambo ya wenye pesa. Nikamuuliza we kila jioni unacheza bao na huyo huyo mzee miaka mingapi, mashimo 32, kete 64, unakumbuka mpaka alivyokula wiki iliyopita, hiyo si hobi? Akanyamaza akahesabu kete zake.

Na kweli nikianza kuangalia, watu wana mambo mazuri wanayofanya msimu ukiisha, ila kila mtu na upande wake wa reli. Yule dogo wa bodaboda anajifunza zeze, amepata mzee Chamwino anamfundisha, na bado hajui lakini anajitahidi, abiria wake wanajua. Kuna wa ng'ambo wanaenda bwawani Hombolo na baiskeli kuvua samaki, wanatoka alfajiri. Kuna walio na shamba la zabibu kule Mpunguzi, mavuno ya Februari na Machi wanahitaji mikono mingi na wanalipa vibarua wageni wakati kijiwe kizima kimekaa. Na wengi wetu tunalima tu, mtama, karanga, alizeti, si hobi ni tumbo, lakini palizi ya watu kumi inaisha siku moja na palizi ya mtu mmoja anajua mwenyewe.

Hata hao wakubwa tunaowabishania hivyo ndo wanavyoishi. Ligi ya hoki ya India ilirudi mwisho wa Desemba 2024 baada ya kusimama miaka saba, na Waholanzi na Wajerumani walienda kule kucheza, miezi michache tu baada ya ule ugomvi wa Paris, wanachanganywa timu na Wahindi, Wabelgiji, Waajentina, chumba kimoja, basi moja. Na mwezi wa kumi 2025, wakati wakubwa wa kriketi wa India wametoka kugoma kuwapa mikono wa Pakistani kule Dubai, vijana wa hoki wa nchi hizo hizo kule Malaysia walipigana viganja kabla ya mechi, wakacheza tatu tatu. Mzee wa Moscow aliposikia hiyo aliagiza kahawa kwa watu wote, na yeye si mtu wa kuagizia watu.

Kwa hiyo Mhariri nina maombi, na mengine ni kwako. Kwako naomba kurasa za michezo zitupe hata mistari mitatu tukicheza, matokeo tu, kwa sababu kijana akiona jina la timu yake gazetini anajua anaangaliwa na anajirekebisha. Kwa makocha wa pande zote mbili naomba mechi ya kwanza mwezi wa sita isianze mpaka mashabiki, si wachezaji tu, mashabiki, wamevuka kila mmoja upande wa mwenzake na kupeana mikono, na anayekataa arudi nyumbani. Tuwe na kadi zetu hata sisi. Mchezaji akikosea kuna ya kijani anatoka dakika 2, kuna ya njano dakika 5 au zaidi, kuna nyekundu hachezi tena, shabiki anayetukana mama wa mtu anapewa nini? Mi nasema nyekundu, na aliyerusha chupa upande wetu naye nyekundu ile ile.

Na kwa mashabiki, kila Jumapili saa tisa alasiri, mvua inyeshe isinyeshe, tupo kibarazani kwangu Chang'ombe, nyuma ya mashine ya kusaga. Tunashona pedi seti mbili, moja ya kipa wetu na moja ya kipa wa ng'ambo, kwa sababu nimeona kipa wao anacheza na makaratasi ya sementi yaliyofungwa kamba na mpira hauchagui. Seremala amekubali kuja kuonyesha vijana kupiga msasa, na ameahidi stiki tatu. Yule kijana wa dumu alikuja Jumapili iliyopita na sponji la godoro begani, akaketi, akaniuliza mkasi uko wapi. Mama yake kipa alikuwepo. Bado tunahitaji turubai, mikanda ya mabegi na uzi mnene, mwenye navyo avilete.

Fundi cherehani,
Chang'ombe, Dodoma.